Skrubu za Landrover ya Marehemu Thobias

Simbo, Kigoma
12 Novemba 2023

Mjomba wangu Leonardi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa nje unakula samaki wako wa migebuka, si kitandani na yale mafua yako. Sisi hapa Simbo wazima. Mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua asubuhi lakini mdomo haujambo. Juzi kagombana na muuza mkaa mpaka yule bwana akamwongezea debe zima ili anyamaze. Mvua zimeanza vizuri, michikichi imezaa, na mawese ya safari hii ni mekundu hasa. Nimekuwekea dumu moja, nitalikabidhi kwenye basi la Mpanda pamoja na barua hii. Likifika pungufu ujue ni wa basi, si mimi.

Nimesikia simu niliyokutumia umempa mwalimu wa kwaya. Sawa. Najua masikio yako yalibaki kwenye injini za meli, ila nilidhani ungesoma ujumbe. Basi tutaandikiana kama zamani. Mimi sichoki kuandika.

Sasa lililonishikisha kalamu. Ile Landrover ya marehemu baba nimeamua kuiamsha. Tangu tumzike imekaa bandani, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Injini imewaka. Castory, fundi wa pale Mwandiga, amesafisha tangi na kuweka betri mpya, ikakohoa kidogo kisha ikanguruma, mama akatoka jikoni mbio akidhani ni baba. Lakini breki hamna. Ukikanyaga, pedeli inazama mpaka chini kama umekanyaga ugali. Viatu vya breki vimekwisha na silinda za magurudumu zinavuja. Vipuri nimeagiza na vimefika. Kazi imekwama kwenye kitu kidogo cha aibu: zile skrubu tatu zinazoshika ngoma ya breki kwenye kila gurudumu. Hazigeuki kabisa. Castory alijaribu moja ya nyuma, bisibisi ikateleza ikamchana kidole, akasema, "Dada, hii ama tuichome na gesi, ama uiuze chuma chakavu." Nikamwambia aiache kama ilivyo mpaka nikuulize.

Wewe na baba mlikuwa mkiifungua gari hii kila mara nikiwa mdogo. Niambie nianzie wapi. Naitaka kwa kubebea chikichi kutoka shamba tu, si kwa safari.

Mpwa wako,
Honorata


Karema
3 Desemba 2023

Mwanangu Honorata,

Marahaba. Mawese yamefika yamejaa mpaka mdomoni, mtu wa basi usimdhulumu. Mafua yamepona. Karema ni joto tu, na ziwa limechafuka kwa mvua. Mke wa katekista, Rahabu, ambaye ndiye jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ameonja mawese yako akasema ya huku si mawese.

Ombi moja: niandikie kwa kalamu nene. Karatasi za siku hizi ni hafifu, wino haukai.

Umenifurahisha kuhusu gari. Sikudhani kuna mtu ataigusa tena. Sasa nisikilize. Kwanza usiitegemee jeki. Gari likishanyanyuka weka magogo chini ya ekseli, uliache gari likae juu ya magogo, halafu ulisukume kwa bega uone kama linatikisika. Baba yako alikuwa mtu wa kuamini jeki na nilimgombeza kwa hilo mpaka mwisho.

Chukua msumari, kwangua ule mfereji wa skrubu mpaka uone chuma kinang'aa. Watu wengi wanaharibu hapo. Bisibisi inakaa juu ya uchafu, inateleza, kichwa kinaliwa. Changanya dizeli na mafuta ya taa, mwagia kidogo asubuhi na jioni, na usiguse kitu. Wiki nzima. Najua huna subira, umemrithi mama yako Agnesi, lakini acha mafuta yatafute njia yenyewe. Baada ya hapo weka kipande cha chuma butu juu ya kichwa cha skrubu, kipige nyundo mara kadhaa, kavu, kama unagonga mlango wa mtu asiyetaka kuamka. Kutu inavunjika kwa mshtuko. Kisha tafuta bisibisi pana yenye shina la mraba, uinoe ncha kwa tupa mpaka ijae mfereji bila kucheza. Weka spana kwenye shina lake, egemea kwa kifua, na kwanza kaza. Ndiyo, kaza, unywele mmoja tu. Ukisikia imelia kama kipele kinapasuka, hapo sasa legeza.

Moto wa Castory uwe wa mwisho kabisa. Nyuma ya hapo kuna sili ya mpira na grisi.

Na ngoma ikishatoka, lile vumbi jeusi la ndani usilipulize kwa mdomo. Lilowanishe maji, ulipanguse kwa tambara, ulitupe. Sisi tulilipuliza miaka mingi, na mafundi wenzangu wengi walikufa wakikohoa.

Mpe dada yangu mkono.

Mjomba wako,
Leonardi


Simbo
7 Januari 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikula vizuri. Mbuzi wa mama amezaa pacha siku ya Mtakatifu Stefano na mama anawatembeza watoto wale kwa majirani kama wajukuu. Magoti yake nafuu. Mawese nimeuza yote soko la Mwanga mjini, hayakumaliza hata asubuhi.

Nilifanya kama ulivyosema. Mafuta asubuhi na jioni, nikajizuia. Siku niliyogonga, mama alikaa pembeni akisema kila nyundo inamwingia jinoni. Nikaegemea kwa kifua, nikakaza unywele mmoja, na kweli ikalia. Mjomba, nilidhani nimeivunja. Nikalegeza, ikaja. Niliishika mkononi nikaizungusha, kitu kidogo hivi, kimeshikilia gari zima.

Skrubu mbili za gurudumu la nyuma kulia zimetoka. Ya tatu ndiyo ile aliyoianza Castory. Kichwa chake kimeliwa mpaka kimekuwa kama kikombe, bisibisi haina pa kushika. Nimekuchorea hapo chini uone. Mviringo mkubwa ni ngoma, doa jeusi ndiyo hiyo mbovu. Je, niitoboe kwa drili? Naogopa kuharibu meno ya ndani ya tundu. Castory ana drili na amesema ataniazima ila hatasimama kuangalia, anaona nachezea kifo.

Nakuuliza pia, unakula vizuri? Nani anakufulia?

Wako,
Honorata


Karema
18 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliipata kwa kuchelewa, gari la kutoka Mpanda lilikwama njiani. Poleni sana kwa kufiwa na mbuzi. Mwambie Agnesi asisononeke, atapata mwingine.

Nimefurahi kusikia skrubu zote tatu zimetoka. Nilijua utaweza. Mchoro wako mzuri sana, jua umelichora vizuri. Sasa ngoma isipotoka usiipige chuma kwa chuma, weka ubao katikati, gonga huku unaizungusha. Kwanza legeza ile bolti ya kurekebisha iliyo nyuma ya sahani inayobeba viatu vya breki, maana viatu vinaweza kuwa vimechimba mfereji ndani ya ngoma na kuing'ang'ania.

Usisahau magogo chini ya ekseli. Na ule mfereji wa skrubu uukwangue kwa msumari.

Huku ni uzima tu. Kalamu nene tafadhali.

Leonardi


Simbo
3 Machi 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika kwa makapeni, kalamu nene niliyoinunua kwa mwalimu wa shule, kila ukurasa unaingia mistari michache, kwa hiyo utaniwia radhi kwa wingi wa karatasi.

Mjomba, mbuzi hakufa. Alizaa. Na sikuchora jua, nilichora ngoma ya breki. Na mistari ya barua yako inaanza juu kushoto na kumalizikia chini kulia, inapandana, maneno mengine umeyaandika juu ya mengine. Sisemi zaidi. Nakuuliza tu: macho yako yanaonaje?

Habari za kazi. Ile skrubu ya tatu nilisubiri jibu lako, lilipofika halikuwa jibu, nikaamua mwenyewe. Nilitoboa kichwa tu, taratibu, kwa ncha kubwa kidogo kuliko shina, mpaka kichwa kikatoka kama kizibo. Ngoma ikavutika. Ulichosema cha ubao na bolti ya kurekebisha kilinisaidia sana hapo. Shina lililobaki lilikuwa limechomoza, nikalishika kwa koleo lile linalojifunga likishabana, na likageuka bila kelele. Meno ya ndani ni mazima. Nilimpelekea Castory akaona, kisha akaniuliza kama ningependa kumsaidia na Fuso moja iliyo pale kwake.

Ngoma zote nne sasa ziko chini. Kikwazo kipya ni bomba la mafuta ya breki linapoingia kwenye silinda. Nati yake ndogo, laini, spana imeshaanza kuizungukia na pembe zinaisha. Nikilazimisha, bomba lenyewe linajipinda.

Nijibu kuhusu bomba. Lakini nijibu kwanza kuhusu macho.

Honorata


Karema
28 Aprili 2024

Mwanangu Honorata,

Marahaba. Usishangae mwandiko huu, ni wa Rahabu. Nimejikata kidole nikiparua samaki, kimevimba, siwezi kushika kalamu. Kitapona. Barua yako imechelewa sana kufika kwa sababu mvua ya Machi iliikata barabara, na yangu nayo ikasubiri barabara ipitike. Pasaka tumeisali vizuri.

Macho yangu hayajambo kwa umri wangu.

Kuhusu bomba: usiigeuze nati. Hapo ndipo wote wanapokosea. Silinda unaitupa, siyo? Basi fungua bolti mbili za silinda nyuma ya sahani, ziloweshe kwanza kama zile skrubu. Silinda ikishakuwa huru, shika nati kwa spana isisogee, halafu zungusha silinda yenyewe. Silinda ndiyo iondoke kwenye bomba, si bomba kwenye silinda. Ina mwili mkubwa, mkono unapata nguvu. Bomba halitajipinda. Ile nipo, skrubu ndogo ya kutolea upepo, ikikatika kwenye silinda ya zamani usilie, inakwenda jalalani na silinda yake. Ila nati ile iliyoliwa kata kipande hicho cha bomba ubadilishe. Breki hazitaki huruma.

Ukifunga upya, kila skrubu ipake grisi kidogo. Atakayefungua baada yako asitukane.

Mjomba wako,
Leonardi

Dada Honorata, kuanzia hapa ni mimi mwenyewe Rahabu, yeye hajui. Kidole hakina kitu. Jicho la kulia lilizimika kabisa karibu na Pasaka, la kushoto lina ukungu mweupe unaouona hata wewe ukisimama mbele yake. Kwa kuwa hasikii, siwezi kumsomea barua zako. Nazinakili kwa chaki kwenye mlango wa chumba chake, kwa herufi kubwa, maneno machache, yeye anasogeza uso karibu na mbao na kusoma, nafuta, naandika mengine. Kila apitaye anasoma. Wavuvi wanasimama kubishana kuhusu skrubu zako, mmoja alisema utumie maji ya betri, mzee akahisi kuna mabishano akauliza wanasema nini, nikamwandikia, akasema huyo asiruhusiwe kugusa injini yoyote.

Tunacheka, lakini mwezi wa pili, mlango ulipokuwa wa mazungumzo yetu tu na barua zako akijisomea mwenyewe, herufi zilikuwa za ukubwa wa kiganja. Sasa neno moja linajaza mlango. Likipotea hilo sijui nitamwambiaje kitu.

Nimemwambia aende kutazamwa macho. Hapandi basi. Safari ile ya kuja kumzika baba yako, basi lilisimama Uvinza watu wakachimbe dawa, hakusikia likipigwa honi, likamwacha. Alikaa kituoni mpaka kesho yake na watu wakimcheka. Boti nazo hataki, anasema hauoni ubao wa kupandia.


Simbo
12 Mei 2024

Mjomba wangu Leonardi, na wewe dada Rahabu unayenisoma,

Shikamoo mjomba. Rahabu, mwakeye, ndiyo salamu yetu ya Kiha, na asante. Mama amekupikia sabuni za mawese, ziko kwenye kifurushi hiki.

Rahabu, tafadhali umwandikie yote, hata ikichukua siku nzima.

Silinda zimetoka zote nne kwa njia yako, mjomba. Nilizungusha silinda na bomba likabaki limetulia. Viatu vipya vimeingia, ngoma zimerudi, kila skrubu ina grisi. Jumamosi tulitoa upepo. Sikuwa na msaidizi, nikamkalisha mama kwenye kiti cha dereva, mto mgongoni, khanga kiunoni, miguu mitupu. Mimi chini na chupa na mpira.

Nikamwambia, "Nikisema kanyaga, kanyaga ushikilie. Usiachie mpaka niseme."

"Nimezaa watoto watano," akasema. "Sifundishwi kushikilia."

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Nikafungua nipo, mapovu yakatoka, nikafunga. "Achia." Tukaenda hivyo gurudumu la mbali kwanza, mpaka la karibu na dereva. Kwenye la mwisho akaita, "Honorata, kitu kimekuwa kigumu huku."

"Kigumu namna gani?"

"Kama kukanyaga gogo."

Nililala pale chini nikicheka peke yangu, mafuta ya breki yananichuruzika kwenye kiwiko.

Sasa mjomba, mimi nimekuficha jambo na wewe umenificha jambo, tumelingana. Gari hii siitengenezi kwa ajili ya chikichi. Mwaka jana mwalimu wa kwaya alinipigia kunishukuru kwa ile simu, akasema ulimpa kwa sababu herufi zake unaziona kama siafu. Hapo ndipo nilipoingia bandani kufukuza kuku. Najua basi hupandi. Najua gari moja tu unayoiamini duniani. Mwezi wa saba madaktari wa macho wanakuja hospitali ya hapa Kigoma, wanaondoa mtoto wa jicho. Nimekuandikisha. Barabara ikikauka nakuja kukuchukua.

Honorata


Karema
2 Juni 2024

Honorata,

Marahaba. Rahabu ameandika mlango ule tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mkono wake mweupe kwa chaki. Mwambie Agnesi sabuni nimezinusa, ni kama zile za mama yetu.

Usije.

Sikukasirika. Umenifanya nikae kwenye kizingiti muda mrefu. Lakini nisikilize kama ulivyonisikiliza kwenye skrubu. Masikio yalikwenda kidogo kidogo, na kila nilipoambiwa kuna daktari niliambiwa yatarudi. Hayakurudi. Mtu niliyefanya naye kazi kwenye meli alipasuliwa jicho akatoka hana hata mwanga. Yeye lakini alikuwa anasikia, alikaa na redio yake. Mimi nikipoteza hili la kushoto nitabaki ndani ya giza lisilo na sauti. Hata mtu akinikosea nitajuaje? Hata wewe ukija ukanisimamia mbele, nitajuaje kama ni wewe?

Leo naona mlango. Naona neno moja moja. Niache na mlango wangu.

Gari libebee chikichi. Umefanya kazi nzuri.

Leonardi

(Rahabu: Aliniambia niandike bila kuongeza kitu. Siongezi kitu.)


Simbo
16 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea mama. Hakugomba na mtu siku ile.

Nimekwenda hospitali kuuliza, sikutaka kukubembeleza kwa maneno ya kubuni. Nilimuuliza muuguzi wa macho ulichoniuliza wewe. Akasema hawagusi macho mawili kwa pamoja. Wanaanza na lile baya zaidi. Kwako ni la kulia, ambalo halioni chochote. La kushoto hawaligusi mpaka la kulia lipone. Nikamuuliza, na lisipofanikiwa? Akasema wengi sana hufanikiwa, wachache hapana, na kwamba hawezi kukuapia kabla hawajalipima. Nilimpenda kwa kusema hivyo. Akasema pia kwamba la kushoto likiachwa litafuata njia ya mwenzake.

Kwa hiyo mlango nao utaondoka, mjomba, hata ukikaa hapo hapo ulipo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kinachovuja hakijizibi.

Siwezi kukuahidi jicho. Ninachoweza kukuahidi ni breki. Nimezijaribu kwenye mteremko wa kutoka Mwandiga, gari tupu na gari limejaa mawese. Mara ya kwanza lilivuta kulia, nikarudi nikarekebisha, sasa linasimama limenyooka. Ukiniambia tena nisije, sitakuja. Sitakubeba kwa nguvu kama mzigo. Nitaendelea kukuandikia kwa makapeni mpaka Rahabu achoke.

Mama anataka kuongeza lake, naandika anavyosema: "Kaka, mimi nimezeeka uso na hukuniona nikizeeka. Njoo uone kabla haujaharibika zaidi."

Honorata


Karema
30 Juni 2024

Honorata,

Hilo la kulia nawapa. Lilishakufa, hawanidai kitu.

Njoo. Kuingia Karema shuka kwa gia ya pili, injini ikusaidie, usikanyage breki mfululizo zikachemka. Lete maji ya kutosha. Rahabu atakaa kiti cha nyuma mpaka Mpanda, ana dada yake kule.

Leonardi


Karema
8 Septemba 2024

Mwanangu Honorata,

Huu ni mwandiko wangu. Mistari niliinyoosha bila rula, pima mwenyewe. Nakusalimu, namsalimu Agnesi, nawasalimu wale mbuzi pacha ambao sasa wana pembe. Miwani ya jua waliyonipa naivaa kama walivyoagiza, watoto wa hapa wananiita bosi.

Tangu ulipoondoka hapa nimekuwa nikijaribu kuandika barua hii na kuiacha. Kuna mambo mtu akiwa kiziwi anayasema kwa sauti kubwa mno au hayasemi kabisa, kwa hiyo njia nzima ya kwenda na kurudi nilikaa kimya na nadhani ulifikiri nimechukia.

Siku ile ulipofika kunichukua, ulishuka ukasimama mbele yangu, nikakupita. Nilijua baadaye kwamba ulilia kidogo, Rahabu kaniandikia. Mwanangu, sikukupita kwa kutokukutambua. Nilikwenda kwanza kushika magurudumu. Ulikuwa umetoka kushuka ule mteremko, na gurudumu linaeleza kila kitu baada ya mteremko. Niliweka kiganja kwenye ngoma moja moja, nikazunguka gari lote nikiishika bati isinipotee. Kama moja ingekuwa baridi, maana yake haifanyi kazi. Kama moja ingechoma, inaburuta. Zote nne zilikuwa na joto sawasawa. Nimefanya kazi na wanaume wenye vyeti ambao hawakuwahi kunipa magurudumu manne yenye joto sawa. Nilisimama pale nyuma ya gari kwa sababu nilikuwa nafuta machozi, si kwa sababu nilikuwa nakagua.

Na siku walipofungua bendeji, kitu cha kwanza nilichokiona ni kifungo cha shati la daktari, cha buluu, kina matundu manne na uzi mweupe umepita kwenye matatu. Nilikitazama mpaka akadhani kuna tatizo. Kisha nikageuka nikakuona wewe. Una mvi, Honorata. Hakuna aliyeniambia. Na una taya la Thobias, akiwa amekaza asicheke. Nilitaka kukuambia pale pale, nikaishia kuuliza kama umekula.

Agnesi alijificha nyuma ya mlango wa wodi kwa aibu, yeye mwenye kugombana na mji mzima. Mwambie uso wake hauna ubaya wowote.

Rahabu bado anakuja jioni. Mlango ameupangusa, lakini sasa anaandika kwenye daftari la mwanawe, tunazungumza mambo marefu ambayo mlangoni yasingeenea. Kumbe ni mcheshi. Nilikuwa sijui, maana chaki haikumpa nafasi.

Sasa la mwisho. La kushoto wamelipangia Oktoba. Nakujua, umeshaanza kukagua mafuta ya breki. Usije. Gari libebee chikichi safari hii kweli. Nitapanda basi. Rahabu ameniandikia kwenye kadi ya boksi, kwa herufi nene: MIMI NI KIZIWI, NASHUKIA KIGOMA, NIGUSE BEGA. Nitaivaa shingoni. Nimekwisha kuivaa sokoni kujizoeza. Mtu mmoja alicheka, nikamtazama usoni mpaka akaacha, na sikumbuki lini mara ya mwisho niliweza kumfanyia mtu hivyo. Uvinza nitakaa dirishani, nitaona abiria wakirudi na mimi nitakuwa ndani.

Uwe stendi. Na umwambie Agnesi asiwahi kunipikia kabla sijafika. Asubiri. Nataka kukaa jikoni nimwangalie akipika.

Mjomba wako,
Leonardi